Somo: Umelinyanyua gari, sasa shughulika na mikono ya nyuma

Wakuu, wengi wetu tukishafunga springi za inchi 2 na shokapu ndefu tunaona kazi imekwisha. Gari limesimama kifua mbele, picha imepigwa Coco Beach, basi. Nami nilidhani hivyo, mpaka njia ya Kibiti kwenda Mloka iliponitoa ushamba. Land Cruiser 80 yangu kila nikikanyaga mafuta sakafu inatetemeka kama niko mashine ya kusaga, na krosi ya nyuma (kiungo kinachojikunja) ya propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, ikafa kabla sijaliona geti la Mtemere la kuingilia hifadhini.

Ekseli ya nyuma ya 80, na ya Prado 120 na Patrol Y61 vilevile, imeshikwa kwenye chesisi na vyuma vitano: mikono miwili ya chini, miwili ya juu, na panhadi iliyolala kwa upana kuizuia isiende kushoto wala kulia. Urefu wake umepangwa kwa kimo cha kiwandani. Ukilinyanyua gari, panhadi inaisogeza ekseli upande mmoja, mikono inaivuta mbele kidogo, na pua ya difu, pale propela inapoingia kwenye ekseli, inageuka. Hapo ndipo mtetemo unapoanzia na krosi zinapokufa.

Hatua ya 1 ni kupima, na hapa usiwe na haraka. Tafuta sakafu iliyo sawa, jaza upepo sawa matairi yote. Ning'iniza timazi kwenye ukingo wa madigadi juu ya kila gurudumu la nyuma, pima kutoka uzi hadi rimu. Langu lilisoma milimita 20 kushoto, 6 kulia. Tofauti ni 14, lakini ekseli imehama 7 tu, maana upande mmoja ukiingia mwingine unatoka kiasi hichohicho. Ukirekebisha 14 zote umelihamishia kosa upande wa pili. Kisha weka kipimo cha pembe kwenye flenji (sahani ya kufungia propela) ya gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na kwenye flenji ya difu. Kwa propela yenye krosi moja kila mwisho, flenji hizo mbili ziwe sambamba.

Hatua ya 2, manunuzi. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, anza na panhadi ya kurekebishika. Inayofuata ni mikono ya juu ya kurekebishika, ndiyo inayogeuza pua ya difu. Ya chini nunua minene, kwa sababu ndiyo inayokutana na mawe na visiki. Mafundi wa Gerezani nawavulia kofia kwa mambo mengi, lakini mkono wa bomba la kuokoteza uliochomelewa jioni moja siufungi. Ukikatika kwenye mwendo, ekseli inageukia itakako.

Hatua ya 3. Usiku wa kuamkia kazi mwagia bolti mafuta ya kulainisha kutu. Magari ya Kigamboni na ya pwani kwa ujumla yana ugonjwa wa bolti kugandana na bomba la ndani ya bushi, ule mpira wa kwenye ncha za mikono. Ikigoma, ikate kwa grainda. Moto usiuwashe, tangi na mipira ya breki viko hapohapo.

Hatua ya 4. Weka vigingi magurudumu ya mbele, egemeza ekseli juu ya stendi, si jeki peke yake. Fungua mkono mmoja, funga mpya, ndipo uguse mwingine. Ukifungua yote kwa pamoja ekseli itazunguka na utaitana na majirani kuirudisha. Mikono ya jozi moja iwe na urefu sawa kabisa: ilaze pamoja na upitishe bolti kwenye matundu yote mawili kabla ya kuifunga.

Hatua ya 5 ndiyo iliyonitia hasara. Bolti za bushi ziache zikiwa zimeshikiza tu, shusha gari likae kwenye magurudumu yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari lako. Mimi mara ya kwanza nilikaza likiwa linaning'inia. Mpira wa bushi ukashikwa umejikunja, na miezi michache baadaye ulikuwa umepasuka. Baada ya kilomita 100 hivi, kagua tena kila nati, pamoja na zile za kufungia urefu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimenyanyua Prado, sasa breki za nyuma naona zimelegea. Mikono inahusika?
Jibu: Hapana. Angalia vali ya breki yenye kifimbo kinachoungana na ekseli. Gari likipanda, vali inadhani halina mzigo na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Rekebisha kifimbo, na uone kama mpira wa breki hauvutiki ekseli ikining'inia hadi mwisho.

Swali: Bushi za poliyurethani au mpira?
Jibu: Kwa mikono, mpira. Mikono hujipinda gari likipanda jiwe kwa gurudumu moja, na mpira unakubali. Poliyurethani ni ngumu, inadai grisi, usipoipa italia kama kitanda cha chuma. Kwenye panhadi sina ubishi nayo.

Swali: Nina Jimny JB43, mikono ya juu siioni.
Jibu: Haipo, kaka. Yako ina mikono miwili tu, kila mmoja umeshikwa na ekseli kwa bolti mbili. Pembe unairekebisha kwa bushi zenye tundu lisilo katikati au mikono iliyotengenezwa kwa kimo hicho. Panhadi unayo, ipime kwa timazi kama sisi.

Swali: Nimefunga vyote, bado linatetemeka likifika kilomita 80 kwa saa.
Jibu: Ukiachia mafuta linatulia?

Swali: Linatulia kabisa.
Jibu: Basi usiende kubalansi matairi, rudi kwenye pua ya difu. Na kabla hujagusa mikono, ifungue propela uizungushe krosi kwa mkono. Ikikwama popote, hiyo imekwisha.