Kabla ya Kumfunga Mtoto Waya za Meno

Mtoto wa jirani kafungwa waya, na wako naye kaanza kukusumbua. Tulia. Kinachoamua ni kinywa cha huyu wako, si cha yule wa jirani.

Akifika miaka 7, mpeleke akaonwe na daktari wa kupanga meno. Nasema kuonwa, sijasema kufungwa. Umri huo hata chama cha madaktari hao cha Marekani ndio kinaoutaja, kwa sababu magego ya kwanza ya kudumu na baadhi ya meno ya mbele yameshatoka, na daktari anaweza kuona taya la juu na la chini yanakutana vipi. Wengi wataambiwa warudi nyumbani wasubiri. Usinung'unikie nauli.

Wapo wachache wasiotakiwa kusubiri. Akiuma na meno ya chini yakatangulia ya juu, au taya la juu ni jembamba mpaka la chini linakwenda upande anapofunga mdomo, hilo linashughulikiwa utotoni, wakati mifupa bado inakubali kusogezwa. Ukingoja mpaka awe mtu mzima, huenda ukaambiwa habari za upasuaji. Anayenyonya kidole mpaka meno ya kudumu yanatoka, asaidiwe kuacha kwanza. Waya haishindani na kidole. Mwenye meno ya juu yaliyochomoza sana, kuanza mapema hakumfanyi amalize vizuri kuliko aliyesubiri, ila kunampunguzia hatari ya kuyavunja akianguka uwanjani. Hapo mnapima na daktari.

Mwanya wa miaka 8 uache. Mara nyingi hujifunga wenyewe chonge za juu zikitoka, kwenye miaka 11 au 12. Na usipojifunga, muulize mwenye mdomo kabla hujatoa pesa. Huku kwetu kuna watu wameolewa kwa sababu ya mwanya, usije ukamfutia mtoto uzuri wake.

Hizo chonge zenyewe zina mambo. Mtoto akifika miaka 10 hivi, daktari huzipapasa juu ya ufizi. Zisipojionyesha, eksirei ipigwe, maana chonge inaweza kulala ndani ikakosa njia. Ikijulikana mapema, pengine kung'oa ile ya utoto tu kunaifungulia mlango. Na kama mtoto alipokuwa mchanga bibi mmoja alimtoa "meno ya plastiki", liseme hilo bila aibu. Yale yalikuwa vichipukizi vya chonge za utoto, na kuyakwangua huweza kuharibu hata za kudumu zilizokuwa chini yake.

Gego linalotoka nyuma kabisa kwenye miaka 6 si la utoto. Linatoka bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi huliacha lioze wakisema litang'oka tu. Halina mbadala. Kuoza kote kuzibwe na fizi zipone kabla waya haijatajwa. Na nyinyi wa Arusha na maeneo ya Meru ambako maji yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa ya kahawia: waya hainyooshi rangi. Tena jino lenye madoa hayo hushika vibaya gundi ya kugandishia waya, kwa hiyo mwambieni daktari mtoto amekunywa maji ya wapi.

Sasa umri umetimia, meno ya kudumu karibu yote yametoka, daktari amesema tayari. Hapo ndipo watu hufunga macho. Tazama kalenda ya shule.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alifungwa waya baada ya mtihani wa darasa la saba. Ungesema ndio wakati wenyewe: likizo ndefu, binti hana kazi, na kule aendako hakuna anayemjua wa kumcheka. Januari akaingia kidato cha kwanza, bweni, Nyanda za Juu Kusini. Daktari wake yuko Dar es Salaam.

Waya hukazwa kila baada ya wiki nne mpaka nane. Shule ina ruhusa za ugonjwa, lakini kukaza waya si ugonjwa, na hakuna mwalimu wa zamu atakayemwachia mtoto asafiri siku nzima kwenda kukazwa jino. Huku chakula ni makande. Makande yale ya mahindi magumu, siku nyingine muhogo mkavu, na wenzake wakirudi na miwa huwezi kumwambia binti wa kidato cha kwanza akae pembeni atazame. Vishikizo viwili, vile vidude vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya, vikabanduka. Ncha ya waya ikaanza kumchoma shavuni, akawa analala amebana kipande cha kitambaa mdomoni, mpaka rafiki yake akaikata kwa kikatio cha kucha. Nyumbani hakuna aliyejua. Simu ni Jumapili, foleni ndefu, mtoto anasema "sijambo mama" anakata.

Alipokuja likizo ya Juni dada alimfungua mdomo sebuleni akanyamaza. Fizi zimevimba, jino moja limejigeuza kwa sababu waya iliyokatwa ilikuwa inalivuta upande mmoja. Maji ya bombani kule yalikuwa ya mgawo, kwa hiyo kupiga mswaki kila baada ya mlo ilikuwa hadithi. Vishikizo vilipokuja kutolewa, kila jino la mbele lilikuwa na duara jeupe la chokaa pale kilipokaa kishikizo, mwanzo wa kuoza. Meno yamenyooka, ndiyo. Madoa nayo yapo mpaka leo.

Kwa hiyo hesabu hivi: kazi nzima huchukua mwaka mmoja na nusu mpaka miwili, na mara nyingi huzidi. Katika muda huo mtoto atakuwa analala wapi? Kama bweni liko mbali na daktari, anza mapema ikiwa meno ya mtoto yameshakuwa tayari, au subiri akiwa shule ya kutwa. Kusubiri mwaka kwa meno yaliyobanana tu hakumharibii kitu. Kama lazima aende nayo, ongea na daktari kuhusu tarehe za likizo kabla hajagandisha chochote, mpe mtoto nta ya kufunika ncha, na barua ya daktari ikae kwa matroni.

Pesa ulizia ya mwisho, si ya kuanzia. Kuna ya kukaza, ya vishikizo vitakavyobanduka, na ya kifaa cha kuvaa usiku baada ya waya kutolewa. Hicho asipokivaa meno yanarudi yalikotoka. Bima nayo ikujibu kwa maandishi.

Waya za urembo zinazouzwa mtandaoni, hapana. Na kagua kama binti hajajifunga rababendi kwenye meno mawili ya mbele ili mwanya uzibe. Rababendi hupanda taratibu ikazama ndani ya ufizi, inakula mfupa, na meno yote mawili yanaweza kung'oka yakiwa mazima. Akikwambia aliivaa jana na leo haioni, usiseme itakuwa imedondoka. Mpeleke siku hiyo hiyo.