Kabla hujawapeleka watoto kuangalia kaa na ndege wa baharini, angalia mwezi kwanza

Jamani kila wikiendi watu wanapakia familia kwenye gari wanaelekea Kunduchi au Kigamboni, watoto wameahidiwa kaa, ndege, hadi kasa, halafu wanarudi wameona spika na maturubai tu. Sicheki mtu, hata mimi yamenikuta. Nilimbeba mama mkwe, mama watoto na wanangu 3, tukafika Kunduchi saa 10 jioni kisa jua limepoa, kumbe bamvua, zile siku maji yanajaa na kutoka kuliko kawaida, na saa hiyo yamejaa mpaka kwenye kuta za watu, mama mkwe akaniuliza kwa upole kabisa "baba, hao wanyama wenyewe wako wapi?" Nikajifanya naongea na simu.

Kosa langu nilipanga siku kwa kuangalia jua wakati nilitakiwa kuangalia maji. Hapa Dar siku za bamvua maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na bamvua linakuja mara 2 kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo kama kwenu kuna mtu anafuata kalenda ya Kiislamu muulize tu leo tarehe ngapi, zile za mwanzo mwanzo na kuanzia 14 mpaka 17 hivi ndo zako. Uzuri wake siku hizo kwetu maji yanakupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, yaani muda ambao watoto wameshakunywa chai na hawajaanza kulia usingizi. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na lingine, bahari haiondoki sana, utakaa ufukweni unaangalia mawimbi, ambayo nayo sio mbaya lakini sio ulichowaahidi. Kama mahesabu ya mwezi yanakuchosha muulize mvuvi yeyote pale mwaloni, hata hafikirii, anakujibu.

Sasa fika kama saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, myafuate yanavyotoka, na yakigeuka na nyie mgeuke. Hapa sio pa mzaha. Maji yakirudi hayaji mbele yako tu, yanaanza kujaza yale mabonde yaliyoko nyuma yako, unashtuka umesimama kwenye fungu la mchanga na kati yako na ufukwe kuna maji ya kiunoni, kiunoni kwako lakini, kwa mtoto wa miaka 5 hayo ni kichwani. Mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia saa na kuhesabu vichwa, asishike simu ya kupigia picha.

Viatu: kandambili acheni nyumbani, zinanasa kwenye tope na zinateleza kwenye mwamba. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba kuukuu za kufunga ndo mpango, sababu kuna vile viduara vyeusi vya miiba mirefu, ukikanyaga siku imeisha. Wazee watakwambia paka utomvu wa papai. Mimi nabeba pia chupa ya chai yenye maji ya moto, maana mtu akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, anachotakiwa ni kuloweka mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, halafu mnaenda hospitali, sio kukaa kubishana. Na konokono wenye umbo la koni wasishikwe hata wawe warembo vipi, wana sumu.

Mtaona nini? Kwenye tope karibu na mikoko kuna kaa dume mwenye gando moja kubwa kuliko mwili anapunga kama anaita daladala, kuna samaki wadogo wanaorukaruka nje ya maji, kwenye madimbwi ya mwambani kuna kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, na jongoo bahari. Ndege wengi zaidi ni Septemba mpaka Aprili, kitwitwi na wenzake wanakuja kukimbia baridi ya Ulaya na Asia, na yupo mmoja mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa, huyo anazaliana kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni. Azima darubini. Na msiwakimbize, ndege kasafiri maelfu ya kilomita anakula, mtoto wako anamkurupusha apate video!

Mkitaka kuvuka kwenda kisiwa cha Mbudya, boti zinatokea upande wa Kunduchi, za kisiwa cha Bongoyo zinatokea Msasani. Beba kitambulisho, kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni ni tofauti. Kabla ya kupanda ulizia laifujaketi za saizi ya watoto, sio ya mtu mzima imefungwa kwa kamba, na kama hazipo shukeni bila aibu. Juni mpaka Agosti kusi likivuma bahari inachafuka, kwa hiyo sikiliza utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, jana yake, wanasemaga hadi mawimbi. Kaa wa mnazi wapo Mbudya lakini wanatoka usiku, usiwaahidi. Visiwa hivyo ni maeneo tengefu toka 1975, kwa hiyo makome na matumbawe yanabaki pale pale, na lile kome mtoto analolitaka mara nyingi kuna kaa mdogo anaishi humo ndani.

Kasa ni bahati. Wanataga fukwe za kusini ya Kigamboni huko, na mkikuta vitoto vinatoka mchangani zimeni tochi, mwanga unavipoteza, na viacheni viende vyenyewe, usibebe kupeleka majini ukidhani unasaidia.

Mengine ni ya kawaida, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, kofia, kanga 2, chapati kwenye hotpoti maana mifuko ya plastiki tuliaga toka Juni 2019. Na acha dumu la maji kwenye buti la gari la kuoshea miguu, mchanga wa Kunduchi ukishaingia kwenye siti utaufagia mpaka Idi.