Jinsi ya kulinganisha uhalifu wa chuo kidogo, chuo kikubwa na mji bila kupotoshwa na namba

Barua za udahili za vyuo vya Marekani zikianza kutoka tu, zile listi za "vyuo hatari zaidi" nazo zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mzazi yuko Tanga au Mombasa anaona chuo alichopata mwanae kiko namba nne anakosa usingizi, mwingine anaona cha mwanae hakimo kabisa anamshukuru Mungu, na ukweli ni kwamba wote wawili hawajaambiwa kitu. Mimi shughuli zangu ni takwimu na hili swali naulizwa sana, kwa hiyo naweka hapa njia ninayotumia mwanzo mpaka mwisho. Unahitaji intaneti, Excel au shiti za Google, na jioni moja ya kutulia.

Hatua ya 1: Chukua data yenyewe, achana na listi

Karibu kila chuo Marekani kinachopokea hela za serikali kuu za kusomeshea wanafunzi kinabanwa na sheria ya Clery kutangaza uhalifu uliotokea kwake. Sheria ilipitishwa 1990. Jeanne Clery alikuwa binti wa miaka 19, Aprili 1986 akabakwa na kuuawa ndani ya chumba chake cha hosteli pale Lehigh University, Pennsylvania, na wazazi wake ndo waliopambana mpaka ikawa sheria, maana waliona familia zinapeleka watoto chuoni bila kujua nini kimekuwa kikitokea pale. Naitaja hii habari kwa sababu data unayoenda kudaunlodi bure leo ililipiwa na mtoto wa watu, itumie vizuri.

Kila mwaka ikifika tarehe 1 Oktoba chuo lazima kiwe kimetoa ripoti ya usalama yenye takwimu za miaka mitatu. Wizara ya Elimu ya Marekani inaziweka zote pamoja kwenye ope.ed.gov/campussafety, unachagua chuo, unachagua miaka, unashusha faili. Data za mji utazipata FBI (wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani) kwenye tovuti yao ya Crime Data Explorer, na idadi ya wanafunzi ipo College Navigator, tovuti ya Wizara hiyo hiyo ya Elimu. Fungua zote tatu kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Hakikisha pande zote mbili unahesabu kosa lile lile

Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na hapa ndo utakaa muda mrefu kuliko kote.

Chukua mfano wa laptop. Imeachwa juu ya meza ya maktaba, mwenyewe kaenda chooni, karudi haipo. Kwenye takwimu za Clery huo wizi hauhesabiwi kabisa (unahesabiwa tu kama mtu kaibiwa kwa chuki, kwa mfano kwa sababu ya rangi au dini yake). Laptop hiyo hiyo ikichukuliwa chumbani hosteli na mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuingia, hata kama mlango ulikuwa wazi na hakuna kitasa kilichovunjwa, hiyo ni uvunjaji na inahesabiwa. Sasa polisi wa mji wao wizi wa kawaida wanauhesabu, na kwenye miji mingi ndo kosa linaloongoza kwa wingi, kwa hiyo ukichukua jumla ya uhalifu wa mji ukaiweka pembeni ya jumla ya Clery, chuo kitaonekana pepo ya duniani hata kama laptop zinaondoka kila siku.

Dawa yake ni kutogusa jumla. Chagua makosa ambayo yapo pande zote na maana yake inakaribiana: uvunjaji, unyang'anyi, wizi wa magari. Linganisha moja moja.

Halafu kuna mambo manne ya kuangalia kwenye lile faili la chuo.

Safu ya hosteli tayari imo ndani ya safu ya kampasi. Ukizijumlisha umehesabu tukio moja mara mbili, na nimeona mpaka waandishi wa habari wakifanya hivyo.

Kuna safu ya maeneo ya umma, yaani barabara na njia za miguu zinazopita ndani ya kampasi au kupakana nayo. Chuo kilichopo katikati ya jiji kinabeba unyang'anyi wa watu wapita njia ambao hata hawasomi pale, wakati chuo kilichozungukwa na mashamba hakina mzigo huo. Kama unataka kujua ndani kukoje, chukua safu ya kampasi peke yake.

Tukio linaandikwa mwaka liliporipotiwa, sio mwaka lilipotokea. Ohio State University mwaka 2018 ilianza uchunguzi wa daktari Richard Strauss, aliyenyanyasa wanafunzi wakati akiwa kazini pale kati ya 1978 na 1998, watu wakajitokeza kuripoti mambo ya miaka hiyo na namba za chuo zikapanda sana. Mtu akisoma haraka haraka atasema Ohio State imeharibika ghafla, kumbe anaangalia maumivu ya miaka mingi yaliyopata pa kusemewa.

Na la mwisho, wanaoripoti sio polisi tu. Makocha, wasimamizi wa hosteli, mkuu wa masuala ya wanafunzi (dean), wote wakiambiwa wanatakiwa kupeleka taarifa, hata kama aliyeumizwa hakwenda polisi. Mji unahesabu kilichofika polisi. Kwa ubakaji hasa, tofauti hii peke yake inatosha kukuzuia kulinganisha chuo na mji, usijaribu.

Hatua ya 3: Tafuta namba sahihi ya kugawanyia

Kila mtu anajua kwamba matukio unagawanya kwa idadi ya watu. Swali ni watu gani.

Vernon ni kamji ka viwanda pembeni ya Los Angeles. Sensa ya 2010 ilikuta wakazi 112, ya 2020 wakakuta 222, lakini kila siku ya kazi wanaingia maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi. Gawanya wizi wa magari wa Vernon kwa wakazi wake utapata mji wa kutisha kuliko yote duniani, wakati magari yanayoibiwa ni ya watu ambao usiku wanalala kwingine. Ni kama Kariakoo tu, ukigawanya uporaji wa mchana kwa wanaolala Kariakoo umepotea njia. Kampasi nazo ziko hivyo: kuna chuo ambacho nusu ya wanafunzi wanasoma kwa mtandao na hawajawahi kukanyaga pale, wamejaa kwenye idadi na kiwango kinashuka bila sababu, na kuna kampasi yenye hospitali kubwa ndani, wagonjwa na wageni wanaingia mchana na usiku, hawamo kwenye idadi na kiwango kinapanda bila sababu.

Mimi nafanya hivi. Uvunjaji wa hosteli nagawanya kwa wanaoishi hosteli. Makosa ya kampasi nzima nagawanya kwa wanafunzi waliopunguzwa kuwa wa muda wote: wa muda wote wahesabu kamili, wa muda nusu wagawe kwa tatu, jumlisha. Wanaosoma kwa mtandao mtupu watoe. Haiwi kamili, lakini vyuo vyote ukivifanyia vile vile ulinganisho unakuwa wa haki.

Ujue pia mwanafunzi anayepanga nyumba mtaani akivunjiwa, tukio linakwenda kwenye takwimu za mji, haliingii za chuo. Kama mwanao hatakaa hosteli, data ya Clery inamsaidia kidogo sana, mwangalie kwenye ya mji.

Hatua ya 4: Gawanya, halafu pima kiwango chako kinayumba kiasi gani

Namba hizi ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ionekane. Chuo Kidogo kina wanafunzi 1,800, mwaka jana uvunjaji 3. Chuo Kikubwa kina 45,000, uvunjaji 40.

Kidogo: 3 gawanya kwa 1,800 zidisha kwa 10,000 unapata 16.7 kwa kila wanafunzi 10,000. Kikubwa: 8.9. Kwa hiyo Kidogo ni hatari karibu mara mbili? Listi za mtandaoni zinaishia hapo hapo, sisi tunaendelea.

Kwanza jiulize tukio moja lina uzito gani. Kidogo wangevunja mara 2 kiwango kingekuwa 11.1, wangevunja mara 4 kingekuwa 22.2. Na kwenye Clery kila chumba cha hosteli kinahesabiwa peke yake, mwizi mmoja akipita korido moja usiku mmoja akaingia vyumba vitatu, hayo ni matukio matatu. Yaani ule "uhalifu mara mbili" unaweza kuwa ni mtu mmoja na usiku mmoja.

Pili weka ukanda, yaani namba ya chini na ya juu ambazo kiwango cha kweli kinaweza kuwa kati yake. Kuna kanuni nyepesi inayokaribia sana hesabu kamili. Idadi ya matukio ikiwa kwenye seli B2, chini andika:

=(SQRT(B2)-1)^2

na juu andika:

=(SQRT(B2+1)+1)^2

Kwa matukio 3 inakupa kuanzia 0.5 mpaka 9. Vigawanye kwa wanafunzi 1,800 na zidisha kwa 10,000, unapata ukanda wa 3 mpaka 50. Chuo Kikubwa, matukio 40, ukanda ni 6.3 mpaka 12.2. Angalia sasa, ukanda wa Kidogo umemmeza Kikubwa mzima mzima, kwa hiyo kwa data ya mwaka mmoja huwezi kusema nani zaidi.

Tatu jumlisha miaka mitatu, si sheria yenyewe inawalazimisha kuitoa. Tuseme Kidogo ilikuwa 3, 0, 1, jumla 4, wanafunzi 1,800 mara tatu ni 5,400, kiwango 7.4. Kikubwa ilikuwa 40, 46, 37, jumla 123 kwa 135,000, kiwango 9.1. Aliyekuwa juu sasa yuko chini! Ukanda wa Kidogo ni 1.9 mpaka 19.4, wa Kikubwa 7.5 mpaka 10.9. Jibu la kweli la kumpa mzazi ni kwamba kwa uvunjaji vyuo hivi viwili havijaonyesha tofauti, aamue kwa ada na kozi.

Hii sio ya vyuo hivi viwili tu. Panga vyuo mia kwa kiwango cha mwaka mmoja, utakuta vidogo vimejaa kileleni na vidogo vingine vimejaa mkiani, vikubwa vyote viko katikati, na mwakani vile vidogo vinabadilishana nafasi. Vijiji na majiji ni hivyo hivyo, kijiji cha watu 900 kikipata mauaji moja kinaipita miji mikubwa yote kwa kiwango, na mwaka unaofuata kinakuwa sifuri. Ukitaka kuiona kwa macho chora grafu, chini weka idadi ya wanafunzi, pembeni weka kiwango, nukta zitatawanyika kushoto na kubanana kulia. Chuo cha kukitilia shaka ni kile kilichotoka nje ya wenzake wa saizi yake.

Miaka ya kuiangalia kwa tahadhari: 2020 na mwanzo wa 2021 kampasi nyingi zilikuwa tupu kwa sababu ya korona, usiichanganye na miaka mingine. Na 2021 FBI walihamia mfumo mpya wa kukusanya data, majiji makubwa kama New York na Los Angeles hayakuwa tayari, kwa hiyo kwa miji mwaka ule una mashimo.

Hatua ya 5: Sifuri isikufurahishe

Weka 0 kwenye ile kanuni ya juu, utapata 4 (chini iandike 0 mwenyewe). Kwa Chuo Kidogo hiyo ni mpaka 22 kwa 10,000. Sifuri ya mahali padogo inaruhusu mengi.

Kwenye ubakaji ni zito zaidi. Chama cha wanawake wa vyuo vikuu Marekani, AAUW, kilipochambua data za 2015 kilikuta asilimia 89 ya kampasi zimeandika sifuri kwa ubakaji. Nyingine ni vyuo vidogo vya ufundi visivyo na hosteli, sawa. Lakini chuo chenye maelfu ya vijana wanaolala pale kikiandika sifuri mwaka baada ya mwaka, mimi nasoma kwamba mabinti hawana wa kumwambia, au wanamwambia na haiandikwi. Haya yana ushahidi: Wizara ya Elimu iliipiga Michigan State University faini ya dola milioni 4.5 mwaka 2019 baada ya sakata la daktari wake Larry Nassar aliyenyanyasa mabinti kingono, na 2024 Liberty University ikapigwa dola milioni 14 kwa kuvunja sheria ya Clery. Kwa kosa hili namba iliyopanda kidogo baada ya chuo kufungua ofisi ya kusaidia waathirika ni dalili nzuri, na ningempeleka mwanangu huko kabla ya kwenye sifuri.

Hatua ya 6: Malizia kwa kuuliza

Ukishapata vyuo viwili vitatu, waandikie. Chuo chenye polisi au walinzi wake lazima kiwe na daftari la matukio la kila siku, na siku 60 za karibuni ziwe wazi kwa yeyote anayekwenda kuomba kuona, hata kama sio mwanafunzi, na humo hata ule wizi wa laptop maktaba unaandikwa. Vingine wanaliweka mtandaoni kabisa. Kama una ndugu au Mswahili mwenzio anaishi mji ule mtume akalisome. Uliza hosteli zinafungwa kwa kadi au funguo, usiku kuna basi la kurudisha watu kutoka maktaba mpaka saa ngapi, na ukija kuripoti unyanyasaji unaanzia kwa nani, kwa jina la ofisi. Ofisi inayojibu hilo la mwisho ndani ya siku mbili kwa maelezo yaliyonyooka iandike kwenye shiti yako, safu ya pembeni ya vile viwango.