Namna ya Kulinganisha Saa ya Dhahabu na ya Chuma cha Pua

Anayechagua kati ya saa ya kifahari ya chuma cha pua na nyingine ya muundo uleule iliyotengenezwa kwa dhahabu au platini, aiweke bei kando kwanza na aulizie mashine iliyomo ndani. Mara nyingi ni ileile. Kwa mfano, Rolex Submariner Date ya chuma na ya dhahabu, toleo lililotoka mwaka 2020, zote zinaendeshwa na mashine ya namba 3235 na zote zinastahimili maji hadi kina cha mita 300. Kwa hiyo fedha ya ziada hainunui usahihi wa majira, bali inanunua madini yenyewe na uchache wa saa hiyo.

Linalofuata, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuivaa. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina takriban gramu 8, ya dhahabu ya karati 18 hufikia gramu 15 au zaidi, na ya platini hupita 20. Vaa kila moja ya saa hizo mbili kwa robo saa nzima, mkono ukiwa umening'inia, kisha ukiwa mezani kana kwamba unaandika. Saa nzito yenye mkanda uliolegea huzunguka mpaka uso wake ukalala ubavuni mwa mkono, na ukiukaza mkanda ili itulie, jioni mkono ukivimba kidogo kwa joto utauona unabana. Wapo wanaoupenda uzito huo kwa dhati, na wapo wanaoivua saa kila wakaapo. Picha haiwezi kukuambia wewe ni wa kundi lipi.

Kisha itazame karibu na taa, hasa ikiwa imekwisha kutumika. Fuata kwa jicho ule mstari ambapo sehemu iliyosuguliwa kwa mistari myembamba inakutana na ile inayong'aa kama kioo: ukiwa mkali, kasha bado lina umbo lake, ukiwa umeviringika kama kipande cha sabuni, saa imeng'arishwa mara nyingi mno, na kila kung'arisha hula madini. Dhahabu hupata mikwaruzo na vibonyeo kwa urahisi, wakati platini ina tabia yake: inapokwaruzwa, madini husukumwa pembeni badala ya kutoka.

Dhahabu nyeupe ndiyo inayowachanganya wengi, kwani kwa mbali haitofautiani na chuma, na aghalabu hupakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, ambayo hufifia kadiri miaka inavyopita. Hapo uzito na mhuri ndivyo vya kutegemea. Namba 750 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu safi katika 1,000, yaani karati 18. 950 huonekana kwenye platini. Na saa za Uswisi zilizokaguliwa rasmi tangu 1995 huwa na mhuri wa kichwa cha mbwa wa St. Bernard. Saa iliyochovywa dhahabu tu isilinganishwe na hizi kabisa. Mwenye ngozi inayowashwa na nikeli aulize pia mchanganyiko uliotumika, maana chuma cha pua cha kawaida cha saa kina nikeli.

Kuhusu thamani, hesabu ni fupi: gramu 100 za dhahabu ya karati 18 zina gramu 75 za dhahabu safi, na kiasi hicho ndicho sakafu ambayo bei haitarajiwi kushuka chini yake, ingawa sakafu hiyo huwa mbali sana na bei ya dukani. Chuma hakina sakafu ya namna hiyo, lakini usikidharau. Mwaka 1972 kampuni ya saa ya Uswisi, Audemars Piguet, ilitoa saa yake ya Royal Oak ya chuma, iliyochorwa na Gérald Genta, kwa bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu za wakati huo, na hadi leo zipo saa za chuma zinazouzwa mkononi kwa bei inayozidi ya dukani ilhali ndugu zake wa dhahabu hupungua. Linganisha basi bei ambazo saa za namna hiyo zimeuzwa kweli, si zile zinazotajwa na wauzaji.

Kwa atakayevaa saa moja kila siku, kazini na safarini, ningemshauri achukue ya chuma bila kusita. Atakayeamua kuchukua ya dhahabu ahakikishe amekabidhiwa vipande vyote vilivyotolewa wakati mkanda unapunguzwa, kwa sababu kila kimoja ni dhahabu aliyoilipia, na mnunuzi wa baadaye ataviuliza.