Skafu ya sufu bila kufuma

Huku kwetu Molo baridi ya Julai inauma, na kondoo tunao. Skafu hii haifumwi wala haishonwi: kila unyuzi wa sufu una vigamba vidogo sana, na maji moto, sabuni na msuguano huzifanya nyuzi zishikane zisiachane tena.

Tafuta sufu laini, ya kondoo aina ya merino ukiipata, iliyooshwa na kuchanwa. Sufu ya kondoo wa nyama huwasha shingo. Gramu 80 hivi zinatosha.

Tandika mezani plastiki yenye viputo, ile ya kufungia vyombo vya kuvunjika. Sufu hunywea karibu theluthi moja, kwa hiyo ukitaka skafu ya sentimita 150, panga 225. Chomoa vishungi vyembamba kwa vidole, usikate kwa makasi. Tabaka la kwanza lilaze kwa urefu, la pili kwa upana. Hapa ndipo mimi hukawia kuliko popote. Inama macho yawe usawa wa meza uiangalie sufu, upapase kwa kiganja. Penye upungufu ongeza sasa, kwa maana tundu halitazibika baadaye.

Funika kwa neti ya pazia, nyunyiza maji moto yenye sabuni ya kipande, sugua taratibu mno mwanzoni. Ukifinya na nyuzi zisiinuke, viringisha yote kwenye mpini wa ufagio, mara 100, geuza upande, 100 tena. Kisha ikunje uibwage mezani mpaka inywee.

Suuza, tia siki kidogo kwenye maji ya mwisho, kamua kwa taulo, nyoosha kingo, anika kivulini.