Kabla ya kulaumu breki

Ajali ikitokea, neno la kwanza huwa "breki zilifeli". Mara nyingi breki zilikuwa nzima, ila mguu ulichelewa kuzifikia. Ripoti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa katika takriban asilimia 94 ya ajali zilizochunguzwa, tukio la mwisho kabla ya kugongana lilitokana na dereva. Na kosa lililoongoza halikuwa mwendo kasi bali kutoona: macho kwenye simu, akili nyumbani, kioo cha pembeni hakijatazamwa.

Piga hesabu. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiinama sekunde mbili tu kusoma ujumbe, umeendesha mita 44 huku umefumba macho, na bado hujagusa breki.

Kwa hiyo jipe nafasi. Gari la mbele likipita nguzo, anza kutamka taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia nguzo hujamaliza, umemganda mno, legeza mafuta. Mvua ikinyesha, hesabu hadi nne. Atatokea mtu wa kuchomekea kwenye hiyo nafasi yako, hakosekani, na utaudhika. Mwache, kisha uhesabu upya.

Simu itupe kiti cha nyuma. Ikikaa mapajani utaichungulia tu, hata ujisifie nidhamu ya namna gani.