Kupiga picha za rangi Mji Mkongwe kwa mfano wa Helen Levitt

Helen Levitt, mpigapicha wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1913, alijulikana kwanza kwa picha nyeusi na nyeupe za watoto wa mitaa ya New York. Mwaka 1959 na 1960 alipata ruzuku za wakfu wa Guggenheim wa Marekani, akairudia mitaa ile ile kwa filamu ya rangi. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vinatosha kabisa kujifunzia njia yake.

Milango ya nakshi iache, maana imepigwa picha hadi imechoka. Tafuta rangi moja yenye nguvu iliyotulia mahali pake, tuseme vespa nyekundu iliyoegemezwa kwenye ukuta wa chokaa, kisha simama hapo umsubiri mtu. Katika picha ya Levitt ya mwaka 1980, msichana amechutama kando ya gari la kijani, viungo vimetawanyika kama vya buibui, na kijani kile ndicho kinachoushika mwili wake usipotee. Kwako akipita mama aliyejitanda kanga ya manjano, picha imekamilika. Lakini ikiwa pembeni kuna ndoo ya buluu inayovuta jicho, sogea hatua moja hadi kona ya ukuta iifiche.

Jua la adhuhuri huzifubaza rangi. Afadhali saa tatu asubuhi au baada ya sala ya alasiri, wakati mwanga unapogonga ukuta mmoja na kurudi laini kwenye ukuta wa pili. Pima mwanga kwenye sehemu angavu zaidi, kama walivyolazimika kufanya watumiaji wa slaidi, yaani filamu ya rangi inayotazamwa kwa kupitishiwa mwanga, kwa kuwa weupe ukishaungua haurudi. Kwenye simu, gusa sehemu hiyo kisha uteremshe mwangaza kidogo.

Levitt alifunga kwenye kamera yake kioo cha kutazamia pembeni, watu wasijue anawalenga. Hilo siliungi mkono kwetu. Watolee wazee wa barazani salamu, kaa, agiza kahawa, uombe ruhusa, anayekataa mwache. Kikombe cha pili kikiisha, kamera yako wameshaisahau.

Mwaka 1970 wezi waliingia nyumbani kwa Levitt wakaiba sehemu kubwa ya slaidi zake za rangi, naye akarudi mitaani kupiga upya. Mwaka 1974 slaidi 40 zilionyeshwa katika Museum of Modern Art, jumba la sanaa la New York. Kwa hiyo usiku wa siku ile ile uliyopiga picha, nakili kazi yako mara mbili, na nakala moja ilale kwa ndugu yako Ng'ambo, upande wa pili wa mji.